MKAMATA MBU NI MFANYAKAZI, SI MTU WA KUJITOLEA



Safari hii hatuandiki juu ya mishahara ya bandarini wala juu ya nyumba za reli. Twaandika juu ya mtu anayekaa juu ya kigoda saa nne za usiku, suruali imekunjwa mpaka magotini, tochi mkononi, akingoja mbu aje atue mguuni mwake. Mbu akitua humwashia taa, humfyonza kwa mrija wa kioo wenye mpira, humtia katika kikombe kilichofunikwa kwa kipande cha chandarua, kisha huandika saa. Hivyo mpaka alfajiri. Asubuhi gari huja kuchukua vikombe. Mbu huhesabiwa, hupasuliwa, hutazamwa chini ya darubini, na baada ya miezi kadhaa hutoka kitabu kinachosema mbu wa mahali fulani huuma saa fulani na kati yao wenye vimelea vya malaria ni kadha wa kadha. Kwa kitabu hicho Serikali hujua ipulizie dawa wapi na igawe vyandarua wapi.

Basi mtu yule wa kigoda, katika karatasi za wakubwa, jina lake ni "mtu wa kujitolea". Hapo ndipo ugomvi wetu unapoanza.

Kujitolea sisi twakujua. Mtu hujitolea kuchimba kaburi la jirani, au kubeba mawe ya shule ya harambee, au kumchukua mgonjwa kwa machela. Lakini mtu aliyepangiwa saa ya kufika na saa ya kutoka, mwenye msimamizi anayepita na tochi kuona kama amesinzia, anayekatwa pesa akikosa usiku mmoja, anayetia sahihi au kidole gumba mwisho wa juma ndipo apewe chake, huyo amejitolea nini? Huyo ni kibarua. Pesa anazopewa wamezibatiza "nauli" na "shukrani" ili zisiitwe mshahara, maana zikiitwa mshahara, sheria itapiga hodi mlangoni.

Mambo haya si mageni. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad katika India, Daktari Ronald Ross wa jeshi la Waingereza alipasua tumbo la mbu akaona humo uvimbe mdogo wenye chembe nyeusi za malaria. Mbu yule alikuwa amekunywa damu ya mgonjwa mmoja, Husein Khan, ambaye alilipwa anna moja kwa kila mbu aliyemwuma. Anna ni sehemu ya 16 ya rupia. Mwaka 1902 Ross akapewa Zawadi ya Nobel. Hatumnyang'anyi sifa yake, kwani kazi aliifanya kwa macho yake mpaka macho yakauma. Husein Khan alipata anna zake, basi.

Sasa linganisheni na Cuba, mwaka 1900. Kisiwa kile wakati huo kilikuwa chini ya jeshi la Marekani. Meja Walter Reed na wenzake walikuwa wakitafuta kama ni kweli, kama alivyosema Daktari Carlos Finlay wa Cuba tangu 1881, kwamba homa ya manjano huletwa na mbu. Mmoja wa madaktari wao, Jesse Lazear, alikufa kwa homa ile ile tarehe 25 Septemba 1900. Baadaye walipotaka watu wa kuumwa na mbu kwa makusudi waliwaajiri wahamiaji kutoka Hispania, na kila mmoja alitia sahihi mkataba ulioandikwa kwa lugha yake: dola 100 za dhahabu, na dola 100 nyingine akiugua. Hatusemi mkataba ule ulikuwa wa haki. Kumwekea maskini dhahabu mezani na mauti kando yake si haki. Lakini uliandikwa! Hatari ilitajwa kwa jina lake, na malipo ya ugonjwa yalitajwa kwa hesabu. Katika Kenya ya leo tunao watu waliokamata mbu misimu mitatu na hawana karatasi hata moja ya kuonyesha kuwa waliwahi kuwako pale.

Tutaje jambo moja ambalo wenye kazi hizi walijua kuliko mtu ye yote, kwa sababu ni elimu yao wenyewe. Mbu mwenye malaria akikuuma leo, kesho huoni kitu. Kimelea hukimbilia katika ini, kikajificha huko kwa muda wa juma moja hivi kikizaliana, ndipo kikatoka na kuingia katika damu. Homa huja siku ya kumi, ya kumi na mbili, ya kumi na nne, pengine zaidi. Habari hii ya ini ilifichuliwa na watafiti, na mmoja wao alifanya kazi hapa kwetu: Daktari Garnham, ambaye mwaka 1947 alieleza jinsi kimelea cha tumbili wa Kenya kinavyokua katika ini. Mwaka uliofuata, huko Uingereza, yeye na mwenzake Shortt wakaonyesha kwamba malaria ya binadamu nayo hupita njia hiyo hiyo.

Basi piga hesabu, ndugu. Kibarua amekamata mbu Jumatatu mpaka Alhamisi. Ijumaa amelipwa, ameambiwa asante, jina limefutwa. Homa inamshika Jumatano ya juma la pili, akiwa shambani kwake, naye wakati huo si mtu wa kazi wa mtu ye yote. Akienda kuuliza anaambiwa, "Malaria iko kila mahali, wewe wajuaje kwamba uliipata kwetu?" Yaani elimu yao ya ini inatosha kuandikwa vitabuni, lakini haitoshi kulipia dawa za aliyewapa mguu wake. Katika kituo kimoja, jina lake tunaliacha, mwenzetu mmoja aliambiwa maneno hayo hayo na karani akiwa bado ana kikombe chao mfukoni.

Wala msidhani kwamba kumlinda mtu huyu ni jambo lisilowezekana. Mwaka 2013 watafiti wa magharibi ya Kenya walichapisha hesabu juu ya wakamata mbu wenyewe. Waliokuwa wakipewa dawa ya kinga sawasawa na kuangaliwa na daktari waliugua malaria pungufu kwa zaidi ya asilimia 90 kuliko majirani zao wasiofanya kazi ile. Someni tena maneno hayo. Mtu aliyekaa usiku kucha na miguu wazi alikuwa salama kuliko jirani yake aliyelala nyumbani! Hatukupata habari hii katika hotuba ya chama, ni wao walioipima na kuiandika. Kwa hiyo mwajiri ye yote wa namna hii anayesema kinga ni gharama isiyowezekana, ajibiwe kwa karatasi ya wenzake.

Kuna na upande wa pili ambao haujapata dawa kama hiyo. Kidonge cha malaria hakizuii dengue wala chikungunya. Mbu wa magonjwa hayo ni mwingine, mweusi mwenye madoa meupe, naye huuma mchana. Mombasa iliona dengue mwaka 2013, Lamu iliona chikungunya mwaka 2004, na Mombasa tena mwishoni mwa 2017 mpaka 2018. Homa ya manjano ilitangazwa Isiolo mwaka 2022, na hiyo chanjo yake ipo tangu miaka ya 1930. Kumtuma mtu kukamata mbu wa mchana bila kumchanja kwanza ni sawa na kumtuma kuli chini ya winchi yenye kamba iliyokatika nusu. Wenzetu wa bandarini wanajua tusemalo.

Wengine watasema: chama kinapinga utafiti. Huo ni uwongo, na tunaukataa. Twajua kazi hii imezaa nini. Jaribio la vyandarua vyenye dawa lililofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1996 lilionyesha vifo vya watoto wadogo vikipungua kwa karibu theluthi moja. Leo kila mama anayefunga chandarua juu ya kitanda anatumia elimu iliyopimwa hapa kwetu. Malale, ugonjwa wa mbung'o uliowasumbua watu wa bonde la Lambwe miaka mingi, haujaonekana kwa mtu aliyeambukizwa nchini tangu 2012, na Agosti 2025 Shirika la Afya la Dunia lilithibitisha kwamba Kenya imeumaliza kama tatizo la afya ya umma. Na Profesa Thomas Odhiambo, aliyeanzisha Nairobi mwaka 1970 kituo kikubwa cha elimu ya wadudu, ICIPE, alikuwa Mwafrika, mwana wa nchi hii, nasi twajivunia. Msomi si adui wetu.

Lakini tazameni kazi hizo zilifanywaje. Zamani kulikuwa na upofu wa mto huko Nyanza ya Kusini, ulioletwa na inzi mdogo mweusi anayezaliwa katika mito yenye maji ya kasi. Mwaka 1946 walianza kutia DDT katika mito ya Kodera. Mabuu ya inzi huyo yalitafutwa juu ya mawe na majani, hayakuonekana. Mwaka 1950 mabwana wawili, van Someren na McMahon, wakaandika kwamba wameyaona: yameng'ang'ania juu ya magamba ya kaa wa mtoni! Ni ugunduzi mzuri sana, na mito ile ikasafishwa mpaka inzi yule akatoweka humo. Sasa twauliza: kaa wale walitoka majini wenyewe wakaja kupanda juu ya meza? Wapo watu walioingia mtoni wakapindua mawe, ambako inzi walikuwa wakiuma. Mbung'o wa Nguruman nao, walipotegewa mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi kwa harufu ya asetoni na mkojo wa ng'ombe, mkojo ule haukujikinga wenyewe kwenye debe. (Yatosha. Msomaji anayekula asitukasirikie.)

Na ndugu zetu wa chai, wa Kericho, pengine hawajui kwamba wao ni maarufu duniani. Kwa muda mrefu hospitali za mashamba yale ziliandika katika daftari kila mchuma chai aliyelazwa kwa malaria. Wasomi wakalichukua daftari lile na kubishana nalo kwa miaka: je, malaria inapanda milimani kwa sababu hewa imekuwa na joto zaidi, au kwa sababu dawa zimezoeleka na vimelea? Mwaka 2002 jarida la Nature la Uingereza lilichapisha makala iliyosema hali ya hewa ya huko haikubadilika kiasi cha kuwa sababu. Mwaka 2006 wengine wakajibu kwamba walipoipima upya waliona joto limeongezeka. Hatuingii katika ubishi huo, ingawa mchuma chai ye yote mwenye miaka 60 angeweza kuwaambia neno juu ya baridi ya zamani. Tusemalo ni kwamba kila namba katika daftari lile ni mtu aliyelala kitandani akitetemeka, siku zake za kuchuma zikipotea. Mtu huyo alistahili angalau kuja kusomewa jibu kwa lugha anayoielewa.

Basi tufike mwaka 2025, maana hapo ndipo uchungu ulipo. Kazi kubwa ya kupulizia dawa majumbani katika Migori na Homa Bay, na ya kuhesabu mbu kabla na baada ya dawa, ilikuwa ikilipwa kwa fedha za Marekani. Januari 2025 Serikali mpya ya huko iliamuru misaada isimame, na tarehe 1 Julai 2025 idara yao ya misaada, USAID, ikafunga kazi zake. Wenye mikataba mizuri walipewa barua. Wasio na mikataba walipewa simu. Wengine hata simu hawakupewa, walifika jioni na tochi zao wakakuta geti limefungwa. Hakuna notisi, hakuna malipo ya likizo, hakuna cheti cha kazi, kwa sababu "mtu wa kujitolea" hafukuzwi kazi. Ndiyo faida ya jina lile kwa waliolitunga.

Mnaona sasa kwa nini tunalichukia jina hilo?

Ndugu wa bandari, wa reli na wa ujenzi, wanaouliza habari ya mbu inawahusu nini, sikilizeni hapa. Tangu zamani tumeambiwa mbu wa malaria ni wa shamba na mabwawa, na mtu wa mjini hana hofu nyingi. Lakini yuko mbu mwingine wa malaria, Anopheles stephensi, aliyezoeleka India na nchi za Ghuba, anayependa mji. Huzaliana katika matangi ya maji, mapipa, na mashimo ya nyumba zinazojengwa. Mwaka 2012 alionekana Djibouti, mji wa bandari. Mwaka ule Djibouti yote ilihesabu wagonjwa 27 wa malaria. Mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya 73,000. Desemba 2022 mbu huyo alikamatwa Kenya, katika Laisamis na Saku, wilaya za Marsabit. Kutoka Marsabit kuna barabara ya lami mpaka Nairobi, na Mombasa iko katika bahari ile ile wanamopita wenye meli za Djibouti.

Nani alimkamata Marsabit? Watu wenye vijiko virefu vya kuchota maji katika matangi na kutazama viluwiluwi. Nani atamkamata Mombasa, au Mlolongo, au katika pipa la maji la fundi wa Eastleigh, siku akija? Watu hao hao, kama bado wapo, kama hawajakwenda kuendesha bodaboda. Kumjua mbu kwa kumtazama bawa na mguu si kazi ya kujifunza kwa asubuhi moja. Mtu mwenye miaka kumi ya kazi hiyo akipotea, umepoteza jicho. Mlinzi amefukuzwa langoni ili kuokoa posho yake, na wenye nyumba wamelala.

Sheria iko upande wetu, na ni aibu kwamba inabidi chama kiitafute. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini. Haisemi "isipokuwa wa mbu". Sheria ya Kazi ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na kifungu cha 37 kinampa kibarua njia ya kuhesabiwa kuwa mtu wa mwezi ikiwa siku zake mfululizo zimetimia mwezi, au kazi yenyewe si ya kumalizika chini ya miezi mitatu. Utafiti wa mbu huenda mwaka mzima, masika na kiangazi. Ndiyo maana wengine humpa mtu usiku nne, wakamtoa, wakamwingiza ndugu yake, wakamrudisha. Wanajua wanachokwepa. Na Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yamtaka mwajiri awe na bima kwa watu wake. Bima hiyo iko wapi?

Tumesikia na neno lingine, la wenye huruma: afadhali kazi hii ya mguu ipigwe marufuku kabisa, watumie mitego ya taa. Mitego ya taa ipo tangu miaka ya 1960 na ni mizuri, lakini wataalamu wenyewe wanakiri kwamba kwa kujua mbu anamwuma nani na saa ngapi, wengi wao bado hawajapata cha kushinda mguu wa mtu. Siku wakikipata tutashangilia. Kabla ya siku hiyo, marufuku bila kazi badala yake itakuwa njia nyingine tu ya kumfukuza kibarua, safari hii kwa maneno matamu.

Tutakalo si kubwa. Barua ya kazi kabla ya usiku wa kwanza, iliyoandikwa kwa Kiswahili au lugha ya mtu, ikitaja hatari kwa jina. Dawa ya kinga kabla, wakati wa kazi, na siku zote za baadaye ambazo daktari anasema kimelea chaweza kutokea, na matibabu kwa mwezi mzima baada ya usiku wa mwisho, awe ameandikwa au amefutwa. Chanjo ya homa ya manjano. Malipo ya usiku yaitwe mshahara na yawe ya usiku. Gari la kumrudisha mtu alfajiri, hasa akina mama wanaofanya kazi ya kupokea vikombe. Fedha za wageni zikikatika, notisi iwe ile ile anayopewa bwana wa ofisini. Na kitabu kikitoka, wakamata mbu waandikwe humo kwa majina wakikubali, kama wengine wanavyoandikwa.

Wasemao kwamba hayo yatakula fedha zote za utafiti, twawaomba walete hesabu zao mezani, pamoja na ukurasa wa magari na ukurasa wa mikutano ya hoteli. Tutazisoma nao mstari kwa mstari.

Matawi ya Kisumu, Siaya, Homa Bay, Kilifi na Marsabit yanaombwa kuandika majina ya wote waliofanya kazi hii tangu 2022: wakamata mbu, wachota viluwiluwi, watunza vizimba vya mbu, madereva wa usiku, na wasoma vioo vya darubini wasio na barua. Andikeni tarehe walizofanya kazi, aliyewasimamia, walicholipwa, na kama waliugua ndani ya mwezi mmoja baada ya kazi. Mwenye kipande cho chote cha karatasi, hata daftari la saa za vikombe, asikitupe. Wajumbe wayalete majina hayo katika mkutano ujao wa halmashauri. Waliokwisha kuja ofisini tumewaandika katika daftari la wanachama, katika safu ya kazi tukaandika "mkamata mbu", na ada yao ni ile ile ya wengine.